Maoni ya Mlango wa Kutokea

Ukitaka kujua filamu ni nzuri au mbaya, usimuulize anayekata tiketi, muulize anayetoka. Huo ulikuwa msemo wa Meneja wa jumba la sinema, na kwa msemo huo alimbebesha Miwani kazi mbili kwa mshahara mmoja, maana Meneja hakuwa mtu wa kuacha kitu kipotee bure. Kazi ya kwanza ilikuwa kusimama kwenye mlango wa kutokea na kreti la plastiki, kupokea ile miwani nyeusi wanayovaa watazamaji ili mazimwi yaonekane yanawarukia usoni, kuifuta kwa kitambaa chenye spiriti na kuipanga tayari kwa onyesho linalofuata. Kazi ya pili ilikuwa kuuliza. "Umeionaje?" Basi, hilo tu. Atakachojibiwa akitie kichwani, na kila Jumapili asubuhi Meneja atamwita ofisini, atachokoa meno, atasema, "Haya, wamesemaje?" Filamu iliyosemwa vibaya mlangoni haikumaliza wiki.

Jina lake la kuzaliwa wenzake kazini hata hawakuhangaika kulikariri. Walimwita Miwani, naye akaitika. Mtu ambaye ameshaliliwa na kuombewa hashindani na watu kuhusu jina. Hilo nitalifikia, msiniharakishe.

Nyie, watu wana maneno! Ilipokuja filamu ya joka linalolinda ufalme wa chini ya mlima, baba mmoja mwenye tumbo lake alitupa miwani kretini akafoka, "Joka limenenepa kama ng'ombe wa maziwa, halafu eti linaruka! Linarukaje?" Mkewe aliyekuwa nyuma akamjibu, "Mbona wewe unapanda ngazi?" Ilipokuja ya paka anayeongea, bibi mmoja alisema paka yule ana adabu kuliko wajukuu zake wote, kampenda, wajukuu nao wakanuna kwa sababu walitaka panya ashinde. Kijana mmoja alitoka na mchumba wake akajifanya mjuzi: "Picha kali, hadithi hamna." Mchumba akamuumbua hapohapo, "Ulikuwa unakoroma, hadithi ungeijulia wapi?" Na kuna yule mwanamke aliyemvuta mwanawe mkono huku anasema mtoto kaenda chooni, karudi, kaenda tena, na kila akirudi bado wanapigana na mchawi yuleyule. "Huyo mchawi hana kazi nyingine?"

Miwani aliyabeba yote na hakuwahi kuona filamu hata moja. Kulikuwa na kumbi mbili zinazopokezana. Filamu ikianza ukumbi huu, yeye yuko kwenye kijistoo cha ngazini anafuta miwani ya ukumbi ule. Ikikaribia kwisha, yuko kwenye korido, mlango umefungwa, anasikia ngoma na tarumbeta tu. Kwa hiyo sinema zilimwingia kupitia vinywa vya watu, vipande vipande, kila mmoja na kipande chake, na yeye akivishona. Alijua pia kusoma miwani yenyewe. Iliyojaa mafuta ya bisi ni ya mtu aliyechoshwa, kutwa mkono uko mdomoni. Iliyolowa ndani ni ya mtu aliyelia, hata akitoka anacheka na kusema filamu ya kitoto. Wanaume wakubwa walikuwa hodari wa kulowesha miwani.

Sasa shule zilipofungwa, ikaletwa filamu ya mama wa ukungu.

Kadiri Miwani alivyoishona, hadithi ilikuwa hivi. Kuna mama alikwenda bonde la mbali kumtafutia mwanawe dawa, ukungu ukammeza. Kijijini wakasema amekufa. Baba akaoa mke mwingine. Mtoto akakua, akapata mbuzi mwenye mabawa, akaruka naye hadi kule bondeni, akaliita jina la mama yake ndani ya ukungu, ukungu ukaachia lakini mama hakuonekana. Na mwisho kabisa, wakati mtoto ameshakata tamaa na kurudi nyumbani, mlango unabishwa hodi. Anafungua. Ni mama.

Watu walitoka hoi. Dereva mmoja wa lori, kifua kama kabati, alisema, "Nimezika wazazi wote wawili sikutoa chozi, leo nimelizwa na mbuzi." Mama mmoja alimshika Miwani mkono: "Pale anapobisha hodi, dada, moyo ulinisimama." Watoto wadogo walipita wanapiga kelele, "Karudi! Mama yake karudi!" kana kwamba wanamtangazia habari ya jirani. Wakosoaji hawakukosekana, mmoja akasema ukungu ule ni moshi wa mashine na unaonekana kabisa, mwingine akasema mabawa ya mbuzi hayakushonwa sawa. Lakini kuhusu hodi ile hakuna aliyesema neno baya. Kreti lilijaa miwani iliyolowa mpaka kitambaa kikawa hakikauki.

Wapo waliopita kimya. Siku zote wapo; wanaweka miwani, wanaangalia chini, wanakwenda zao. Meneja alishamfundisha kwamba mtu asiyesema hahesabiwi, kwa sababu asiyesema hamtumi jirani yake kuja. Miwani akafuata mafundisho, akawahesabu waliosema tu. Kosa lake lilianzia hapo, na mimi simlaumu, ndivyo alivyofundishwa kazi.

Maana sasa lazima niwaambie. Miwani naye alikuwa mama wa ukungu.

Alimwacha binti yake ana miaka miwili, hajaacha hata kunyonya kidole, akaenda nchi ya mbali kufanya kazi za ndani. Alikubaliana na mumewe, fundi wa mafriji, kwamba ni kwa muda mfupi tu, wapate pa kuanzia. Kule tajiri wake alimnyang'anya simu na pasipoti siku aliyofika, akamhamishia kwa dada yake, na dada mtu akamhamishia kwingine, kama sufuria ya kuazima. Nyumba waliyofikia wasichana wa kazi, ile ambayo anuani yake ndiyo waliyokuwa nayo kwao, iliungua moto. Habari zikaja nyumbani kwamba hakutoka mtu. Mume akalia. Ndugu wakaja, wakakaa msiba, wakamwombea, wakagawana hata khanga zake. Wakati huo yeye alikuwa kwenye ghorofa la mtu anasugua vigae, hajui kwamba amekufa.

Aliporudi, baada ya miaka saba na misukosuko ambayo hata yeye hapendi kuisimulia, alikwenda kwanza kwa wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwenye saluni ndogo. Wifi alipofungua mlango alipiga yowe la kuita majirani, kisha akajiziba mdomo mwenyewe, akamvuta ndani.

Mume aliitwa. Alikaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, mtu mzima, kama mteja.

"Sikukuacha," alisema. "Nilikulilia. Wifi yako shahidi."

"Najua."

"Nikaoa. Mtoto alikuwa mdogo, ningefanyaje? Anamwita mama. Hajui mwingine. Wewe anajua ulifia mbali."

"Na mimi sasa ni nani?"

Mwanamume yule hakuwa mbaya, na ubaya wa hadithi hii ni huo, hakuna wa kumtukana. Alisema, "Naomba uniachie. Kuzaa si kazi, kazi kulea, na huyu mwenzako kamlea. Lakini ukisema tumwambie mtoto, tutamwambia. Haki yako, sitakuzuia." Alikuwa amepata kazi mji mwingine, likizo ijayo ya shule ikiisha tu, wanahama wote watatu. "Kabla hatujahama uniambie. Tumwambie, au tukuache ulivyo."

Tukuache ulivyo. Maana yake, ubaki umekufa.

Miwani alisema hataki, atamchukua mwanawe, hata kama ni kwa kupigana. Kisha akapata kazi hii ya mlangoni, na usiku akalala chumbani kwake, kijichumba cha kupanga chenye kitanda na jiko la mafuta, akaogopa. Atasema nini? Mtoto atamwangaliaje? Akamuuliza wifi kila mara habari za yule mwanamke mwingine, akiomba kimoyomoyo asikie ubaya. Laiti angekuwa na roho mbaya! Laiti angekuwa anampiga mtoto, anamnyima chakula! Wifi, ambaye hakujua kudanganya, alisema ni mshonaji wa sare za shule, mpole, na mtoto alipopata surua alikesha naye kitandani wiki nzima. Miwani aliposikia hivyo aliondoka bila kuaga. Ilimkata maini kuliko angeambiwa mtoto anateswa.

Ndipo ilipokuja filamu hii, na watu wakaanza kutoka mlangoni wanalia kwa furaha.

"Wifi, hebu sikia," alisema, kafika saluni moja kwa moja kutoka kazini, hajavua hata aproni. "Watoto wanapiga makofi. Wanapiga makofi mama anaporudi! Hakuna hata mmoja aliyesema asingerudi. Wakubwa kwa wadogo."

"Wifi yangu, hiyo ni sinema."

"Watu wanaotoka hawadanganyi. Mimi ndiyo kazi yangu, najua. Mlete Jumamosi, onyesho la mchana. Aione. Akitoka nitamuuliza kama ninavyouliza wote. Akiipenda, nitamwambia palepale, na wewe uko pembeni."

"Na asipoipenda?"

"Ataipenda," Miwani akasema. "Hakuna asiyeipenda."

Wifi aliguna. Alitia mafuta kichwa cha mteja ambaye hakuwa na habari, akaguna tena, halafu akakubali, kwa sababu alimpenda wifi yake na kwa sababu hakuwa na wazo jingine la kumpa. Hata Meneja, Jumapili iliyotangulia, alikuwa amefurahi mpaka kijiti cha kuchokolea meno kikamdondoka. Filamu inabaki, alisema, inabaki mpaka shule zifunguliwe.

Jumamosi ile Miwani alifika mapema, akaoga kwenye choo cha wafanyakazi, akabadili kitambaa cha kichwa, akapaka mafuta midomo. Wenzake wakamtania, "Leo Miwani ana mgeni wa heshima, au mchumba?" Akacheka nao. Alikuwa amejipanga neno kwa neno: nitapiga magoti ili niwe sawa na kimo chake, nitasema, mtoto mzuri, je, ukisikia kwamba na wewe... Hapo kila mara alikwama, akaanza upya.

Hakuwaona wakiingia, alikuwa stoo. Aliposimama koridoni na kuanza kusikia tarumbeta za mwisho, alijua pale sasa ndipo hodi inapobishwa, kwa sababu ukumbi mzima ulishusha pumzi kwa pamoja, kisha makofi. Makofi mengi. Akajua amepatia.

Mlango ulifunguliwa, watu wakamiminika. "Umeionaje?" "Safi sana." "Umeionaje?" "Usiniulize, siwezi kusema." "Umeionaje?" "Mbuzi angepewa nafasi zaidi." Mikono ilikwenda yenyewe, macho yalikuwa juu ya vichwa. Akamwona wifi, kwa mbali, uso umemshuka, anafanya ishara ya kidole kuonyesha nyuma yake. Nyuma ya wifi kulikuwa na mwanamke mfupi mwenye sindano mbili zimechomwa kwenye kola ya gauni, kazisahau kama wanavyosahau washonaji wote. Mtoto alikuwa amekataa kuja bila mama yake. Wifi angemkatalia kwa sababu gani?

Yule mwanamke alisimama kando kumfunga mtoto wa jirani waliyekuja naye kamba za viatu, na binti akatangulia peke yake mlangoni. Alikuwa mrefu kuliko Miwani alivyodhani. Paji la uso la baba yake. Nywele zimesukwa vizuri mno, mistari imenyooka.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba," Miwani akajibu. 

Mtoto akampa miwani. Ilikuwa imelowa. Imelowa ndani, kote kuwili, machozi bado yana joto. Jamani! Miwani aliishika kama mtu aliyepewa pesa asizozitarajia. Amelia, alijisemea, mwanangu amelia mama aliporudi. Magoti yakaanza kukunjika kama alivyopanga.

"Umeionaje, mtoto mzuri?"

"Nzuri," mtoto akasema. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kusema. "Mbuzi mzuri. Lakini mwisho ni mbaya."

"Mbaya vipi? Si mama yake amerudi?"

"Amerudi, ndiyo. Na yule mama mwingine je?"

"Yupi?"

"Yule aliyekuwa anamsuka. Hodi ilipobishwa yeye alikuwa jikoni anapakua chakula. Wakakumbatiana pale mlangoni, watu wakapiga makofi, halafu yeye hawakumwonyesha tena." Midomo yake ilianza kucheza, akaidhibiti. "Kaenda wapi? Na chakula alichopika yeye."

Watu walikuwa wanawapita, wanadumbukiza miwani yao kretini bila kuulizwa.

"Labda alibaki nao," Miwani akasema. "Labda waliishi wote."

"Hakubaki. Mwishoni wamekaa mezani baba, mtoto na yule mama wa ukungu. Yeye hayupo. Niliangalia sana." Akapangusa pua kwa kiganja. "Nimeuliza na shangazi, hajui."

Katika watu wote waliopita mlango ule, hakuna aliyemtaja mwanamke wa jikoni. Wala Miwani mwenyewe hakuwahi kuuliza. Sasa angefunga mdomo, angepokea miwani inayofuata, na kazi yake ingekuwa imekwisha; Meneja hamdai zaidi ya swali moja. Lakini akauliza la pili, na sijui hata leo kama alipaswa kuuliza.

"Ingekuwa ni wewe, ungefanyaje?"

Mtoto alifikiri. Alifikiri kwelikweli, akiangalia ukutani, na Miwani aliyekuwa nusu amesimama nusu amepiga magoti akabaki vivyo hivyo, mkono umeshika ukingo wa kreti.

"Nisingefungua," mtoto akasema. "Ningenyamaza mpaka aondoke. Ningemwonea huruma, lakini ningenyamaza."

"Hata kama katoka mbali?"

"Si walishamlilia?"

Yule mshonaji akafika, akaweka kiganja chake shingoni kwa mtoto, mahali ambapo bila shaka hukiweka kila siku. "Samahani, dada. Huyu akianza maneno hamalizi. Umeshamchosha anti wa watu?" Akatoa miwani yake mwenyewe, akaipangusa kwanza kwa pindo la gauni, ndipo akaikabidhi. Hakuna mtazamaji aliyewahi kufanya hivyo. Miwani aliipokea. Hakumuuliza ameionaje.

Walikuwa wameshafika penye ngazi mtoto alipogeuka. "Anti, kwani wewe umeiona?"

"Sijaiona."

"Basi usiione. Utalia bure."

Wakashuka. Sauti ya mtoto ilisikika ikiuliza kama kuna pesa ya kununua juisi pia, na ya mama ikijibu kwamba tutaona.

Wifi alikuwa amebaki nyuma, mgongo ukutani, kidani chake anakisokota mpaka kinataka kukatika. Korido ilikuwa imebaki tupu, imejaa bisi zilizokanyagwa. "Hajafika mbali," alisema haraka. "Nakimbia namrudisha. Mtoto ni mtoto, wifi, anasema hili leo, kesho anasema lingine. Nimwite? Niambie. Nimwite?"

Miwani alikaa chini palepale, kwenye sakafu, kando ya kreti. Alilia kwa sauti, kilio cha msibani hasa, mpaka mkata tiketi akachungulia kutoka chini kuuliza kuna nini. Wifi akamwashiria aende zake.

Alipoweza kusema, alisema, "Amesukwa vizuri."

"Wifi..."

"Mwambie kaka yako aniache nilivyo," alisema. "Wahame salama."